Gari la Ngumbao Lisilo na Siti ya Nyuma

Jumapili, tarehe kumi na nne mwezi wa tisa, mwaka wa 2025. Hiyo ndiyo siku iliyoninyang'anya mke. Nawaandikia nyinyi watu wa Tezo, wa Jilore, wa Kaloleni, na popote penye kijana mwenye gari na mzazi mwenye minazi. Mimi Kiponda shule sikwenda sana. Lakini yaliyonipata hayataki shule, na nitayasema hata wakubwa wakinuna.

Asubuhi ile kulikuwa shwari. Nyevu, mke wangu, alikuwa uani akishona makuti, na alichokalia kilikuwa siti ya gari. Ndiyo, siti ya nyuma ya gari, ya kitambaa cha buluu, imeegemezwa ukutani kama kochi. Mwanetu Ngumbao aliing'oa kwenye gari lake ili liwe jepesi. Siku alipoileta alisema, "Mayo, leo umepata sofa."

Mamake akacheka. "Na abiria utamkalisha wapi, baba?"

"Gari hili si la abiria, mayo. Ni la mbio."

Yashikeni maneno hayo.

Basi tukiwa pale uani tukaanza kusikia ngurumo kutoka upande wa mashamba ya mkonge. Kuna kiwanja cha zamani huko, zilikokuwa zikitua ndege ndogo. Siku hizi kinakodishwa kwa wenye magari ya mbio. Si mashindano, hakuna kikombe. Kila mtu analipa kiingilio, anazungusha gari lake kwa kasi yote, anatazama saa yake, anafurahi. Wengi wao ni watu wa mali, wanatoka Malindi na Mombasa. Wao tairi ikiisha leo, kesho wananunua nyingine na hawakumbuki. Ngumbao wetu alikuwa dereva wa kubeba watalii, mtu wa mshahara wa kuhesabika, akajitia katikati yao.

Maana gari la mbio, ndugu msomaji, hulinunui mara moja ukamaliza. Unalinunua kila mwezi. Tairi zinalika kama sabuni. Padi za breki zinaungua. Oili yake si hii tunayoijua sisi. Kila Jumapili moja ya raha inataka miezi ya kulipia. Mkewe, Pamela, alikuwa na mdomo, akamwambia mbele yetu sote:

"Gari limevaa viatu vipya vinne, mtoto wako anakwenda shule na ndala iliyofungwa kwa waya."

"Huo ni uwekezaji, Pamela."

"Uwekezaji unaotoa moshi! Basi tuteke huo moshi tuupike."

Tulicheka siku ile. Mimi nilicheka pia. Pamela hakucheka. Haukupita muda akamchukua mtoto, akarudi kwao Jilore.

Sasa nieleze habari ya minazi. Kwetu sisi ardhi ni kitu kimoja na minazi ni kitu kingine. Shamba linaweza kuwa langu na minazi iliyo ndani ikawa ya mwingine. Na minazi huwekwa rehani: anayekupa pesa ndiye anayeangua nazi na kukata makuti, mpaka siku utakapomrudishia chake. Nyevu alikuwa na minazi yake mwenyewe, aliyopewa na babake. Humo ndimo alimotoa makuti ya kushona, na katika makuti ndimo alimotoa dawa zake za presha.

Ngumbao akaja akapiga magoti mbele ya mamake. "Mayo, nikikimbia vizuri nitaonekana. Watu wa mahoteli watabandika majina yao kwenye gari, watanilipa. Nataka breki na tairi tu. Minazi yako nitaikomboa kabla ya vuli."

Mimi nilisema hapana. Nikasema mpaka sauti ikakauka. Lakini minazi haikuwa yangu, na mama ni mama. Tajiri mmoja wa nazi akaishika rehani, na tangu siku ile Nyevu hakuruhusiwa kuokota hata kuti lililoanguka lenyewe chini ya minazi ya babake. Akawa anakwenda mbali kununua makuti ya watu, anayabeba kichwani juani, mwanamke wa umri ule. Faida ikapungua, na dawa nazo zikapungua. Leo anameza, kesho anaruka.

Turudi Jumapili. Nyevu alikuwa ametoka kutua mzigo wa makuti. Alikaa kwenye siti yake, akashona kidogo, kisha sindano ikamdondoka.

"Kiponda," aliniita, "mbona giza?"

Jua lilikuwa linawaka, jamani.

Nilisimamisha bodaboda, nikamweka Nyevu katikati, nikamkumbatia kwa nyuma asianguke. Tukafika zahanati. Muuguzi, Dorcas, anakaa papo hapo, akatoka mbio. Akampima, akamchoma sindano, uso wake ukabadilika.

"Mzee, huyu anatakiwa afike Kilifi sasa hivi, akiwa amelala, akiwa na oksijeni. Vyote viko kwenye ambulensi."

"Iko wapi?"

Dorcas akatazama chini. "Iko huko kwa magari ya mbio. Walikuja kuichukua asubuhi."

Mnasikia? Ambulensi moja tuliyo nayo, ambayo wakubwa walikuja na ngoma na hema kutukabidhi, ilikuwa imepelekwa kuwalinda watu wanaozunguka kwa raha zao.

Tukapanda tena bodaboda. Pale kiwanjani niliikuta, nyeupe, imeegeshwa kivulini, dereva wake anakula samosa. Msimamizi wa magari, kijana aitwaye Mahadhi, kanzu safi, akanijia kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikaitikia. Mke wangu anakufa mikononi mwangu, na mimi naitikia marahaba!

Nikamweleza. Akamtazama Nyevu, akashika kichwa. "Pole sana, mzee wangu. Lakini ambulensi ikitoka hapa, sheria inasema magari yote yasimame. Watu wamelipa. Wenye ambulensi yenyewe wametupa mpaka jioni. Labda uwapigie wao wakubwa."

"Wakubwa gani?"

"Hao waliotupa."

"Wana majina?"

Akatazama simu yake.

Nikamgeukia dereva wa ambulensi. "Wewe una mama?"

"Mzee, mimi ni mtu wa kutumwa. Nikiondoka bila ruhusa, kazi sina."

Wakati huo gari la buluu likaingia kutoka kwenye mzunguko, linanuka mpira ulioungua. Ngumbao akatoka, akavua helmeti, akamwona mamake. Akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtoto wangu. Kisha kile kiburi cha gari kikaamka ndani yake hapo hapo.

"Baba, achana nao hawa! Mlete kwangu. Kilifi hapa tutafika kabla hawajapata hata namba ya hao wakubwa wao."

Tumweke wapi? Nyuma hakuna siti. Kuna bati tupu na mabomba ya chuma yaliyopishana kama zizi la mbuzi. Gari si la abiria. Tukampenyeza Nyevu katikati ya mabomba, nikaingia naye nimejikunja, kichwa chake kikawa mapajani mwangu. Bati lilikuwa moto, nikavua shati nikamtandikia.

Ngumbao akatoka kama risasi. Vumbi likajaa. Nikadhani, labda Mungu ametukumbuka. Kisha tukafika kwenye mteremko unaoshukia barabara kuu, na malori yanapita pale chini, na nikamwona mwanangu anakanyaga, anakanyaga.

"Breki, baba! Hakuna breki!"

Alikuwa ameyazungusha yale magurudumu asubuhi nzima, breki zikachemka, pedali ikawa inazama kama mguu kwenye matope. Breki zile zile za minazi ya mamake. Akalitupa gari kwenye mkonge. Likasimama, bado linanguruma. Tukalitoa kwa kusukumiwa na wapita njia, na kuanzia hapo gari la mbio likatambaa kwa gia ya kwanza, kando ya barabara, watu wa baiskeli wakitupita. Kijana mmoja wa baiskeli akapiga kelele, "Dereva, limekunywa uji?"

Nyevu alifumbua macho mara moja. "Ngumbao yuko?"

"Yuko, anaendesha."

"Mwambie polepole."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Kilifi tulimfikisha mwili.

Jioni ambulensi ilirudi zahanati. Dorcas alinionyesha kitanda kilichomo ndani yake. Shuka lilikuwa safi, halina hata mkunjo.

"Nani alitoa amri?" nilimuuliza.

"Nimeambiwa ni kutoka juu, mzee."

"Juu wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye paa, maskini, naye hajui. Nimekwenda kwa chifu, akanituma kwa watu wa afya. Watu wa afya wakanituma kwa watu wa michezo. Watu wa michezo wakaniuliza kama nina miadi. Kwenye matanga wakubwa walileta mchele na mafuta, wakahutubia, wakapigwa picha, wakaondoka na magari yenye siti.

Leo gari la buluu liko uani kwangu, juu ya mawe, kuku wanatagia ndani. Hakuna anayelitaka. Ngumbao anapanda minazi ya mamake kila mwezi kuangua nazi, lakini anamwangulia yule tajiri, kwa kibarua. Akishuka hapiti mbele ya ile siti. Na siti iko pale pale ukutani, na kuti lenye mishono ya Nyevu liko juu yake, halikumalizika.

FUNZO

Enyi vijana, raha ya tajiri msiinunue kwa jasho la mama zenu. Mtu mwenye mali akiharibu breki ameharibu breki. Wewe ukiziharibu umeharibu nyumba. Ukiwa na gari ambalo haliwezi kumbeba mzazi wako siku ya shida, huna gari, una kelele.

Nanyi wazazi, mtoto akipiga magoti, mtazameni kwanza anachokishika mkononi. Mapenzi ya Nyevu ndiyo yaliyomuua, na mimi sitamlaumu, lakini nawaonya nyinyi.

Na nyinyi mlio maofisini, ambao mwanangu hamumjui na mke wangu hamkumjua: Ngumbao analipa kosa lake, namwona akilipa kila siku juu ya mnazi. Nyinyi mnalipa nini? Kitu cha wagonjwa hakikodishwi wala hakiazimwi kwa wenye kucheza. Hilo hata mtu wa darasa la nne analijua.

Nimeuliza kwa mdomo, sasa nauliza kwa maandishi, na nitauliza mpaka nizikwe kando ya Nyevu: asubuhi ile, ni nani aliyesema ambulensi yetu iende?