Kielelezo cha Kigombe

"Mzigo umetoka," ilisema redio. "Barabara ya Pangani. Usifike baharini."

Rahila Massoud, ofisa wa usalama, alikanyaga mafuta. Land Cruiser ilikuwa imechoka kama yeye.

Mzigo ulikuwa gari la rangi ya waridi la kupima saratani ya matiti. Wafadhili walijitoa, bajeti ikakatwa, gari likaegeshwa stoo, Makorora. Mtu akalitafutia mnunuzi ng'ambo. Boti yenye injini mbili za Yamaha ilikuwa Kigombe, kijiji cha wavuvi, ikisubiri kupakia mashine iliyomo.

"Vizuizi vyote limepita?" aliuliza Zuleha, kando yake. Alikuwa mpiga picha za eksirei ndani ya gari hilo hadi alipopunguzwa kazi. Leo amechukuliwa kuitambua mashine.

"Askari wote wanaume. Nani atachungulia gari la matiti?"

Hiyo ndiyo hesabu ya Wilfred, dereva wa magendo. Hata maandishi ya ubavuni hakuyabandua.

Yakamponza.

Walipofika Kigombe, gari lilikuwa limekwama katikati ya njia. Wanawake wamelizunguka, wengine na magamba ya samaki mikononi. Foleni ilishapangwa.

"Twakungojeni tangu mwaka juzi!" mmoja alimgongea Wilfred kioo. "Leo huondoki, baba. Yu wapi yule dada wa picha?"

"Nimesema mashine mbovu!"

"Mbovu, waipeleka wapi? Au wataka kutupima weye kwa mikono?"

Wakaangua kicheko. Wilfred akapeleka mkono chini ya kiti.

Mlango ulifunguka, bastola ya Rahila aina ya Glock ikamgusa sikio.

"Taratibu, kaka. Mikono kwenye usukani."

Pingu.

Ufukweni Yamaha zikanguruma, kisha zikazimika ghafla. Polisi wa majini walikuwa wameshaizingira boti.

"Kazi nzuri," alisema Hosea, mkuu wake, redioni. "Lirudi stoo, lipigwe lakiri."

"Na huduma?"

"Hakuna fungu, Rahila. Unajua."

Alijua.

Mwanamke wa kwanza kwenye foleni hakuwa amesogea. Aliitwa Mwatum.

"Shikamoo, bibi. Nendeni nyumbani."

"Marahaba, mwanangu. Niende na hiki?" Alijishika ziwa la kushoto juu ya kanga. "Kilikuwa punje. Sasa chakua."

Rahila akamgeukia Zuleha. "Picha atazisoma nani?"

"Daktari niliyefanya naye kazi humu hajabadili namba."

Rahila alibonyeza redio.

"Mkuu, kielelezo hakipokelewi mahakamani kabla ya kuthibitishwa kuwa kinafanya kazi."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Itachukua muda gani?"

Aliitazama foleni. Ilikuwa imefika kwenye vichanja vya dagaa.

"Hadi jioni."



"Basi thibitisha vizuri."

Zuleha alikuwa ameshawasha jenereta. Mwatum akapanda ngazi, mlango ukafungwa nyuma yake.

Rahila alimkabidhi Wilfred kwa polisi, akaanza kutembea kuelekea kwenye Land Cruiser. Mwanamke wa mwisho kwenye foleni akamshika mkono.

"Dada, mtakuja tena lini?"

"Likiibwa tena," alisema Rahila, akaenda zake.