Dereva Aliyekimbia Akisinzia

Miaka ile nchi ilipoitwa Zaïre na kila mtu akaitwa citoyen, yaani raia, kulikuwa na mama mmoja pale Kolwezi, jina lake Tshibola. Kila asubuhi aliamka kabla sirena ya mgodi haijalia. Alikwenda bombani na ndoo, akawasha makaa, akatia sufuria motoni.

Mume wake, Kazadi, alikuwa dereva kwenye mgodi wa Mashamba. Usifikiri gari hizi unazoziona njiani. Kamyo ya Kazadi ilibeba mawe ya shaba, na gurudumu lake moja lilikuwa refu kuliko mlango wa nyumba. Tshibola hakuwahi kuiona. Alisikia habari zake tu, na kila akisikia alishika mdomo.

Walikuwa na watoto mapacha, Mbuyi na Kabanga. Kwa sababu hiyo watu wa kwao, wa Kasai, waliwaita kwa heshima ya wazazi wa mapacha. Baba ni Shambuyi, mama ni Mwambuyi.

Jioni moja ya mwezi wa kwanza, mvua ikinyesha, Tshibola alikuwa anasonga bukari, ndio ugali. Watoto walikaa karibu na moto.

“Kitendawili!” akasema mama.

“Tega!”

“Aliingia katika maji kama mavumbi, akatoka mlima.”

“Bukari!” Kabanga akapiga kelele, na kweli mlima ulikuwa mbele yake, unatoa moshi.

Baba yao hakucheka. Alikaa kwenye kiti na kikombe cha chai isiyo na sukari. Ndizi moja tu ilikuwa kwenye sahani yake.

“Shambuyi, haukuli?”

“Mi nimeshiba.”

“Umeshiba nini? Toka asubuhi haujagusa kitu.”

“Mama, nimesema nimeshiba.”

Ilikuwa wiki ya tatu sasa. Asubuhi chai tupu. Mchana, kazini, hakuna kitu. Jioni ndizi, na chai tena. Kabla ya kazi alivaa kaputula na viatu vya kukimbilia, akatoka mbio kufuata njia ya treni, katika matope. Aliporudi uso ulikuwa wa majivu. Suruali aliifunga kwa kamba. Alisinzia na kiatu mkononi. Jumapili moja kanisani alilala amesimama, katikati ya wimbo, mpaka mtu wa nyuma akamshika mabega.

Pale bombani wanawake waliona yote. Mbombo, jirani mwenye ulimi mrefu, alimwekea Tshibola ndoo yake mbele.

“Mwambuyi, mwanaume mwenye hakuli kwako, anakulaka wapi? Anatoka asubuhi na kaputula, anarudi amechoka. Chunga. Ile ni biro ya pili.”

Biro ya pili, yaani ofisi ya pili, ndilo jina walilompa mwanamke wa kando. Wote walicheka. Tshibola naye akacheka.

“Biro gani inakondesha mutu hivi? Kama iko, basi haina jiko!”

Wakacheka zaidi. Lakini akirudi na ndoo kichwani, maneno yale yalimchoma kama moshi wa kuni mbichi.

Jumamosi, jua likiwa limetoka, Kazadi aliondoka mbio. Tshibola akajifunga kitenge, akamfuata. Alipita nyumba za mwisho, akafika kwenye kichuguu kikubwa chekundu karibu na reli. Alijitayarisha kumkuta mwanamke.

Alimkuta Kazadi peke yake. Amekaa chini, mgongo kwenye kichuguu, kamba ya kiatu mkononi. Amelala. Inzi alitembea kwenye mdomo wake na yeye hakujua.

“Shambuyi!”

Kazadi akashtuka. Aliona mke wake, akainamisha kichwa.

“Unafanya nini hapa, bwana yangu?” Tshibola akauliza. Hasira yote ilikuwa imekwenda.

“Nakimbia.”

“Mi naona unalala.”

Kazadi akazungusha kamba ya kiatu kwenye kidole. Kisha akasema, “Mu vizite ya mwaka, dokta ya mgodi alinipima. Kilo mia moja na tano. Tension, presha ya damu, iko juu. Akaniambia: citoyen Kazadi, nakupa miezi tatu. Upunguze kilo kumi na tano, na tension ishuke. Kama hapana, unashuka ku kamyo, unaenda kufagia atelier, kule wanatengeneza kamyo.”

“Na juu ya nini haukuniambia?”

“Mpishi ni we, we njo unapikaka. Ningekuambia nini? Kama chakula yako njo itaninyang’anya kiti ya kamyo?”

“Ungesema vile! Ningekasirika siku moja, inaisha.”

“Haiko ile tu.” Sauti yake ikashuka. “Juzi nilikuwa napanda na mzigo. Nilifunga macho. Sijui ni kidogo ao mingi. Nilipofungua, gurudumu ilikuwa inapanda juu ya ukuta ya udongo, ile ya pembeni. Nyuma ya ule ukuta hakuna njia tena. Kuko shimo. Sikuambia mutu.”

Tshibola aliketi chini kwenye matope, na kitenge chake safi. Alimtazama mume wake kama mtu aliyerudi kutoka safari ambayo hakuna aliyemuaga.

“Leo haupande ile kamyo,” akasema. “Kwanza tunaenda kwa Mwamini.”

Mwamini alikuwa jirani yao, mke wa Alimasi, Mwislamu mwenye lori, anayebeba mizigo ya njia ya Dilolo. Yeye Mwamini alifanya kazi ya kusaidia wagonjwa kwenye dispanseri ya mtaa. Walimkuta kule kazini, na alipowaona alisimama, mikono kiunoni.

“Shambuyi! Kila asubuhi nakuonaka unakimbia. Mi nilifikiri unakimbizwa na polisi.”

“Mama Mwamini, usimucheke,” akasema Tshibola. “Anakaribia kufa ku Mashamba.”

Mwamini akaacha kucheka. Akasikiliza habari yote, hakukata neno. Kisha akampandisha Kazadi kwenye mizani.

“Kilo mia moja. Tano zimeenda. Lakini naona zimebeba na nguvu yako. Leta kidole.”

Alimchoma kidogo. Tone la damu likatoka. Akalishika kwa kipande cha karatasi nyeupe, likaenea kama ua. Akaliweka pembeni ya kikaratasi kingine chenye rangi nyekundu nyingi, kutoka nyekundu nzito mpaka nyekundu ya maji.

“Mama Tshibola, ingia karibu. Tone la bwana yako linafanana na rangi gani?”

Tshibola alitazama sana. “Hii ya huku. Ile dhaifu.”

“Ni vile. Damu njo inabeba pumzi, inaitoa kifuani, inaifikisha mpaka ku vidole vya miguu. Ikikosa rangi, inabeba kidogo. Mutu anapanda ngazi tatu, anachoka. Anakaa, anasinzia.”

“Tone moja tu linasema yote ile?” Tshibola hakuweza kuliacha kwa macho. Miaka kumi na minne amefua mashati ya mwanaume huyu, na hakujua kwamba ndani yake kuna wabebaji wa pumzi, wanaokwenda na kurudi bila kelele.

“Bado,” Mwamini akasema. Alimfunga Kazadi kitambaa cha kupima tension, akasikiliza, akaandika. Kisha akatoa mipira ya masikio yake, akamwekea Tshibola. “Sikia mwenyewe.”

Du-dum. Du-dum. Du-dum.

“Ni nini?”

“Nategea wewe kitendawili. Mfanyakazi wangu alianza kazi mbele sijazaliwa. Hana kongé, hana siku ya kupumzika, hana Jumapili. Mi nikilala, yeye halali.”

Tshibola akaweka mkono kwenye kifua chake mwenyewe. “Moyo,” akasema polepole. Machozi yalimtoka na hakujua kwa nini. “Mungu wangu. Haulali hata kidogo?”

“Haulali. Njo maana tunauchunga. Uzito mingi unauchokesha, dokta alisema kweli. Lakini wewe, Shambuyi, umekamata dawa nzuri kwa mkono mbaya.”

Kazadi akanuna. “Kama nikikula, kilo zitashuka namna gani?”

“Ngoja. Sisi Waislamu tunafunga mwezi muzima, si ni kweli?”

“Ni kweli.”

“Lakini tunakula mbele jua kutoka, na jioni tunakula. Na hautaona mutu ya kufunga anakimbia reli yote asubuhi! Wewe unafunga pasipo mwisho. Mwili ukikosa chakula, haukule mafuta yake tu. Unakula nyama yake, hii ya paja, hii ya mkono. Kilo inashuka, mutu anaanguka.”

“Basi nifanye nini?”

“Kula mara tatu. Kidogo, lakini mara tatu. Bukari iwe kama ngumi yako, isiwe kama kichwa yako.”

Kazadi akacheka mara ya kwanza tangu siku nyingi.

“Kila siku maharagi, ao samaki. Mboga ya majani, lengalenga, sombe, mingi kama unataka. Kamulia ndimu juu yake, ile inasaidia damu. Chai usikunywe na chakula, ngoja saa moja ipite. Mafuta ya mawese, Mama Tshibola, usimwage na chupa. Pima na kijiko. Chumvi kidogo. Na bia, baba…”

“Bia naijua,” Kazadi akasema haraka.

“Naona unaijua. Pumzika nayo. Na mbio uache kwanza. Tembea, nusu saa, na siku mbili ku wiki usifanye kitu. Mwili unajijenga wakati umelala. Ukitoka ku ekipe, ku zamu yako ya kazi, lala, batoto bacheze mbali. Na sikia hii muzuri: siku macho inafunga, unasema kwa shefu ya kazi. Haupande. Aibu haiue mutu. Ile shimo inaua.”

Mwamini hakusema kila uchovu ni njaa. Alitafuta malaria katika damu, hakuna. Akatafuta minyoo, na minyoo ilikuwapo. Infirmier, muuguzi wa dispanseri, akampa dawa yake, na vidonge vya chuma vya kuongeza damu. Akaandika pia karatasi ya kazi nyepesi kwa siku kumi. Kazadi aliipeleka kwa shefu wake. Shefu aliisoma, akasema, “Bora karatasi kuliko jeneza.” Basi.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi. Siku za kwanza Kazadi alitazama ile ngumi ya bukari kama mtoto aliyenyang’anywa mpira. Siku moja kaka wa Tshibola alikuja kutembea. Alipoona sahani, akageuka kwa dada yake.

“Dada, mnakula hivi? Kazi ya mgodi imekwisha?”

“Kazi iko,” Kazadi akajibu. “Ni tumbo njo tulifukuza ku kazi.”

Asubuhi walitembea wawili, Kazadi na Tshibola, kufuata reli. Mwanzoni alisimama mara nyingi. Mwezi wa pili aliacha kusimama. Tshibola ndiye aliyesema, “Ngoja, mi nachoka!” Pale bombani Mbombo aliwaona wakirudi pamoja, jasho usoni, wanacheka.

“Mbombo,” Tshibola akaita, “nimeipata ile biro ya pili. Ni mimi!”

Usingizi wa Kazadi ukabadilika. Zamani aliangukia kiti kama gunia. Sasa alilala kitandani, akaamka mwenyewe, akauliza chakula kiko wapi. Tshibola mara nyingine alisimama mlangoni, akamtazama amelala mchana. Kifua kilipanda na kushuka. Aliwaza: huyu hafanyi kitu, na ndani yake kazi kubwa inafanyika. Nani anaisimamia? Akafunga mlango taratibu, akawatuma watoto wakacheze kwa jirani.

Siku ya dokta ikafika. Tshibola alikaa kwenye benchi la nje. Mlango haukufungwa vizuri, na alisikia kila neno.

“Kilo tisini na sita,” dokta akasema. “Nilikuomba kumi na tano. Umeniletea tisa.”

Tshibola akashika ubao wa benchi.

“Toa mkono.” Akasikia pampu ya tension, fuu, fuu. Kisha kalamu ikakwaruza karatasi. “Hm. Imeshuka. Imeshuka vizuri. Na ndani ya kope rangi imerudi. Ulifanya nini, citoyen?”

“Nilikula, Dokta.”

Dokta akacheka mpaka akakohoa. “Basi endelea kula vile. Unabaki ku kamyo. Rudi baada ya miezi tatu, tupime tena.”

Kazadi alitoka nje. Alishika mkono wa mke wake mbele ya watu wote, na ile haikuwa desturi yake.

Tarehe moja ya mwezi wa tano, Sikukuu ya Kazi, mgodi ulifungua lango ili wake na watoto waone kazi ya waume na baba zao. Tshibola alisimama nyuma ya kamba na mapacha wake. Mbele yao dunia ilikuwa imefunguka. Ngazi za udongo zilishuka, moja chini ya nyingine, nyekundu, kijani, kijivu. Chini kabisa watu walikuwa kama sisimizi.

“Mama, baba iko wapi?” Mbuyi akauliza.

Tshibola akamshika mkono. Kitu kilikuwa kinapanda kutoka chini, taratibu, kinanguruma, na ardhi ilitetemeka chini ya viatu vyake. Kilizunguka kona ya mwisho kikiwa mbali na ukuta wa udongo, katikati ya njia. Magurudumu yakapita, moja, halafu jingine, na mapacha wakajificha katika kitenge chake.

Akainua kichwa juu, juu zaidi, mpaka kilemba kikaanguka. Kule juu kwenye dirisha dogo alikuwa mume wake, mikono miwili kwenye usukani, anatazama njia, macho wazi.