Giza la Mchana Nyumbani kwa Moza

Harufu ya maharage yanayoungua ilianza siku ambayo jiko la Moza halikuwashwa kabisa. Walikuwa wamekunywa chai ya kwenye chupa na mkate wa dukani, mkaa ulikuwa bado kwenye gunia, sufuria zimepangwa kifudifudi, na bado Moza alipopita ukumbini aliisikia ile harufu chungu ya maji yaliyokauka na punje zilizoanza kushika chini. Akaingia jikoni, akanusa sufuria moja baada ya nyingine kama mtu aliyerukwa na akili. Hakuna kitu.

"Wifi, unasikia harufu?" alimwuliza Fadhila, dada wa mumewe Rahim, aliyekuwa amekuja kumjulia hali kaka yake.

Fadhila akavuta pumzi. "Harufu ya nini? Mimi nasikia dagaa wa jirani tu."

Moza akazirudisha sufuria kifudifudi. Harufu ile aliijua ilikotoka, na kuitaja kungekuwa sawa na kujitaja mwenyewe.

Nyumba yao iko Ilemela, kule juu ambako nyumba na mawe vimebanana kama abiria wa kivuko. Nyuma ya chumba cha kulala kuna jiwe lililopita paa, na juu ya jiwe, kama walivyofanya majirani wengi, waliweka simtanki ili maji yashuke yenyewe. Siku moja, kabla harufu ile haijaanza, koki ikaanza kuvuja. Rahim ni fundi wa injini za mitumbwi pale mwaloni Kirumba, wanakotia nanga wavuvi, na hana tabia ya kumlipa mtu kazi anayoiweza. Akaegemeza ngazi, akapanda.

"Shika ngazi, Moza."

"Nimeshika."

Na kweli alishika. Kisha maharage yakaanza kunukia kutoka jikoni. Moza akaona ni jambo la kufumba na kufumbua: aingie, aepue, arudi. Nani angejua? Alikuwa ndiyo kwanza ameishika sufuria kwa upindo wa kanga aliposikia ngazi ikikwaruza jiwe, halafu kishindo, halafu kimya kibaya kuliko kishindo.

Watu wote aliwaambia maneno yale yale: ngazi iliteleza akiwa ameishika. Aliwaambia majirani, akamwambia Fadhila, akamwambia daktari. Rahim mwenyewe alizinduka akiuliza leo ni siku gani, na alipoulizwa alivyoanguka akasema hakumbuki kitu. Moza aliposikia hakumbuki, Mungu amsamehe, alishukuru moyoni. Halafu akajichukia kwa shukrani ile, na chuki hiyo haikumtoka tena.

Hospitalini walimpiga Rahim picha ya kichwa. Daktari Chenge, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, akawaeleza kwamba hakuna mfupa uliovunjika wala damu iliyovuja ndani. Ni mtikisiko wa ubongo.

"Apumzike siku chache mahali tulivu," alisema. "Baadaye aanze kutoka taratibu. Apate jua, atembee, aongee na wenzake. Akitapika au akizidiwa usingizi mrudisheni haraka. Na mumwangalie moyo wake pia. Mtu akijaa wasiwasi, akaingia kwenye sonona, hata ubongo ukishatulia yeye anabaki mgonjwa."

Moza aliitikia kwa kichwa. Katika maneno yote hayo alichukua moja tu la kurudi nalo nyumbani: apumzike.

Tena kwao Moza kulikuwa na desturi ya marehemu bibi yake. Aliyeanguka haonyeshwi mahali alipoangukia mpaka apone, kwa sababu mwenye mahali pale atamwita tena. Na dirisha la chumba cha kulala linatazama lile jiwe. Basi akachukua blanketi, akaligongomea dirishani kwa misumari. Rahim akalalamika kwamba mwanga wa dirisha la pili unamchoma macho, nalo likapata blanketi lake. Mlangoni akaongeza pazia juu ya pazia. Simu akaizima, akaificha kabatini. Mafundi wenzake wa mwaloni walikuja na sangara mzima, Moza akampokea sangara mlangoni, akawaambia mgonjwa amelala. Walipokuja tena akawaambia hivyo hivyo. Mara ya tatu hawakuja.

Siku ya kurudi kliniki ilifika, ikapita. Majirani walimsifu. Mwanamke yule, walisema, anamlea mumewe kama yai. Kila sifa ilimwingia kama mwiba.

Na Rahim hakupona. Kichwa kiliuma zaidi. Akiinuka kwenda chooni alishika ukuta kwa mikono miwili, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio. Alianza kuacha chakula, kisha akaacha kunyoa, kisha akaacha kuuliza habari za kazi. Wakati mwingine Moza alimkuta akilia bila sauti, amelala chali, machozi yanaingia masikioni.

"Unalia nini, baba?"

"Sijui. Nimechoka."

"Umechoka na nini, na umelala kutwa?"

Rahim akasema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikika ukutani, "Yule anayekaa hapa ukitoka ni nani?"

"Hakuna anayeingia humu, Rahim. Mlango naufunga mimi."

"Yupo. Anakaa hapa miguuni. Godoro linabonyea. Ananiambia nisiinuke, nikiinuka nitaanguka. Ananiambia huko mwaloni wameshampata fundi mwingine, hakuna aliyeniuliza."

"Sauti yake ikoje?"

Rahim akageuzia uso ukutani. "Kama yako."

Kesho yake, jua likiwa katikati ya mbingu na watoto wa jirani wakipiga kelele barabarani, Moza alitoka kwenda dukani kununua unga, akafika nusu ya njia akakumbuka hakuchukua mfuko, akarudi. Alifungua mlango wa mbele polepole asimwamshe mgonjwa. Harufu ikampokea pale pale, nzito, ya maharage yaliyoungua mpaka kuwa makaa, na chini ya harufu ile akasikia mtu anaongea chumbani, mwanamke, kwa ule upole unaotumika kumbembeleza mtoto, na ilimchukua muda kukubali kwamba sauti anayoisikia ikitoka nyuma ya mapazia ni ya kwake mwenyewe, na kikohozi kile cha kusafisha koo kati ya neno na neno ni chake, na maneno yale "lala, baba, lala, nje kuna nini" ni maneno ambayo asubuhi ile ile aliyasema kwa mdomo wake. Alitaka kukimbia lakini akasogea badala ya kurudi, akashika pazia la kwanza, akashika la pili, akachungulia, na mle ndani, katika usiku alioutengeneza kwa mablanketi yake, alimwona mwanamke aliyevaa kanga yake ameketi miguuni pa Rahim, mkono mmoja ameulaza kifuani kwa mgonjwa kama mtu anayezuia mfuniko usifunuke, na mwanamke yule bila kugeuka, bila hata kuinua kichwa, akasema:

"Nilikuwa nimeishika. Nilikuwa nimeishika muda wote."

Hapo Moza akatoka mbio.

Fadhila anakaa Buswelu. Moza alifika kwake bila viatu, na jioni haijaingia wakarudi pamoja na Shehe Abeid, mwalimu wa madrasa wa huko, mtu mfupi mwenye begi la mgongoni na kikohozi cha vumbi la pikipiki. Watu humwita kwa mambo ya namna hii, naye huja bila makuu.

Alikaa kando ya Rahim, akamsomea kwa muda mrefu huku ameshika bakuli la maji. Rahim alitulia tu, akaitikia amina, akaomba radhi kwamba hawezi kuinuka kumpokea mgeni. Hakutetemeka wala hakupiga kelele. Shehe akakunja uso.

"Huyu mtu hana jini," alisema. "Huyu ana kichwa kilichotikiswa na moyo ulioelemewa. Kwa daktari mlimpeleka lini mara ya mwisho?"

Fadhila akamtazama Moza. Moza akatazama sakafu.

"Nishikie hili bakuli, binti yangu," Shehe akamwambia Moza, na akaanza kusoma tena.

Maji yakaanza kucheza. Moza aliyaona yakicheza kabla hajajua kwamba ni mikono yake inayotetemeka, halafu mabega, halafu taya, na bakuli likamponyoka, na kitu kikapanda kutoka tumboni kwake kikiwa na ladha ya masizi, kikautumia mdomo wake bila kumwomba ruhusa.

"Mimi sikuvunja mlango," kilisema, kwa ule upole. "Nilikaribishwa. Nilijengewa giza zuri, nikatandikiwa. Akipona atakumbuka. Akikumbuka atamwacha. Huyu mwanamke anataka alale, na mimi namlaza. Kosa langu liko wapi, shehe?"

Fadhila alikuwa amejibana ukutani, kiganja mdomoni. Moza alisikia kila neno, na balaa lenyewe ni kwamba hakuna neno hata moja lililokuwa geni kwake. Yote aliwahi kuyafikiri. Kila alipogongomea msumari alikuwa akimhurumia mumewe, kweli kabisa, na kila msumari ulikuwa pia wa kuifunga siri yake. Huruma na hofu vilikuwa vimesukwa pamoja mpaka yeye mwenyewe hakuweza kuvitenganisha.

"Mtoe, shehe," Fadhila akanong'ona. "Mtoe, tafadhali."

"Siwezi mimi," Shehe Abeid akasema, amekaza macho kwa Moza. "Mimi ni mgeni hapa. Aliyemkaribisha ndiye wa kumfukuza. Binti yangu, unanisikia? Unataka mumeo apone, hata akikumbuka?"

Kile kitu kikamshika Moza ulimi, kikamwonyesha haraka haraka yatakayokuja: Rahim akifunga virago, Fadhila akisimulia mtaa mzima, watu wakimnyooshea kidole kisimani. Na pale godoroni alikuwa amelala mwanamume aliyekuwa akibeba injini begani akiimba, mifupa ya mashavu imetokeza, macho hayatafuti kitu.

Moza akatambaa hadi dirishani. Akaingiza vidole chini ya blanketi akavuta. Msumari ukamchana kiganja, akavuta. Nyuma ya kichwa chake sauti yake mwenyewe ilikuwa ikimsihi, ikimwita kwa jina lake la utotoni, ikimwahidi kumtunzia siri mpaka kaburini, naye akavuta kwa uzito wa mwili wote mpaka blanketi likaanguka na jua la alasiri likaingia chumbani bila hodi.

Rahim akafunika macho kwa mkono. Kisha akautoa kidogo kidogo. Lile jiwe lilikuwa pale nje, jeupe kwa mwanga.

"Niliiachia," Moza akasema. Alikuwa amepiga magoti, damu inamtiririka kiganjani. "Ngazi niliiachia, Rahim. Nilikwenda kuepua sufuria. Niliwadanganya wote."

Rahim alilitazama lile jiwe.

"Nilikumbuka zamani," alisema mwishowe. "Wiki ile ile ya kwanza. Nilikuona kutoka juu ukikimbilia ndani, nikajisemea ngoja nimsubiri, halafu nikajiona mjuaji nikanyoosha mkono kuifikia koki. Nilikuwa nangoja useme, tucheke yaishe. Lakini ulivyoanza kuziba madirisha, nikajua huwezi tena kunitazama. Nikasema, basi, nimekuwa mzigo."

Hapo Moza alilia kwa sauti ambayo hakuna jini angeweza kuiiga. Siku zote zile za giza alimnyang'anya mtu bure, kwa ajili ya siri ambayo haikuwa siri.

Daktari Chenge hakuwagombeza, na afadhali angewagombeza. Alimpima Rahim upya, akasema ubongo wake unaendelea vizuri kuliko anavyojihisi, kwamba kilichobaki kumkalia ni hofu na sonona, navyo vina tiba: kuongea na mshauri, dawa ikihitajika, na kutembea kila siku, kidogo leo na kidogo zaidi kesho. Akampangia mshauri Rahim. Kisha akamwangalia Moza, akampangia na yeye.

Haikuwa rahisi. Kuna siku Rahim alifika mlangoni akarudi. Kuna siku alifika kwa jirani, kelele za redio zikampasua kichwa, akalala hadi jioni. Mafundi wenzake walianza kuja tena, wanakaa naye barazani na kumtania kuhusu ndevu zake. Moza aliwapikia na hakuwa na uso wa kuwatazama, lakini aliwapikia.

Asubuhi moja Rahim akasema anataka kushuka mpaka ziwani. Njia inapita kati ya mawe, imeinama, na kokoto zinateleza. Yeye alitangulia, mikono ameinyoosha kidogo pembeni, na Moza alimfuata nyuma akijizuia asimshike, maana daktari alikuwa amesema amwachie apate kujiamini tena. Chini ziwa lilikuwa linameremeta na mitumbwi ilikuwa inaingia. Rahim akateleza, akapiga goti moja. Moza akasimama alipo, midomo ameibana. Rahim akajiinua mwenyewe, akajipangusa suruali.

Kisha akageuka, uso umesawijika.

"Mbona unaniambia nirudi nikalale?"

Moza hakuwa amefungua mdomo. Jua lilikuwa linawaka juu ya vichwa vyao na njia yote ilikuwa tupu. Alimkaribia mumewe, akasimama naye bega kwa bega.

"Siyo mimi," alisema. "Nimeisikia hata mimi. Twende."

Wakaendelea kushuka, nayo ile sauti ikaendelea kusema nyuma yao, kwa upole, mpaka majini.