Waridi Si Chai

Saa saba mchana mjini Lodwar, hata mbuzi huacha kubishana na jua. Hujibanza kwenye kivuli cha ukuta na kutulia. Mtu mmoja tu hakutulia. Huyo alikuwa Kipkemboi, karani wa ofisi moja ya serikali. Kila siku saa hiyo alivuka njia ya mchanga, akaenda nyumbani kumwagilia maua.

Maua yenyewe yalikuwa miwaridi mitano. Ilikuwa mali ya shangazi yake, mwalimu Tabutany, aliyefundisha Lodwar kwa miaka ishirini. Shangazi alifariki mwezi wa kwanza, mwaka wa 1994. Hakuwa na mtoto. Nyumba yake ya mabati na miwaridi yake mitano alimwachia Kipkemboi. Nyumba ilikuwa imara, haikuhitaji mtu. Miwaridi ndiyo ilihitaji mtu, na mtu aliyepatikana ni huyo.

Kipkemboi hakuwahi kutunza ua maishani mwake. Lakini alitoka Kericho. Mwambie mtu wa Kericho kwamba hajui kupanda, ni kama umemwambia hajui kunywa maziwa.

Basi akaanza kazi kwa moyo wote. Kila mchana aliupa kila mwaridi kikombe kimoja cha maji, kwa sababu mchana ndiyo saa ya kiu. Akaleta samadi ya mbuzi kutoka boma la jirani, mbichi kabisa, akairundika mpaka ikafunika shina. Kisha akashika panga. Akaikata miwaridi yote mitano usawa wa goti, juu bapa kama meza. Kwao Kericho chai hukatwa hivyo, nayo huchipua kama imetukanwa.

Miwaridi haikuchipua. Kufikia mwisho wa mwezi wa tatu, miwili ilikuwa kuni. Mitatu ilibaki na majani machache ya njano.

Ndipo barua ikaja kutoka kwa baba yake, Mzee Cheruiyot.

"Mwanangu, ule mwaridi wa mama yangu hapa nyumbani tuling'oa tulipoongeza chai. Nimejuta. Zamani shangazi yako alikata vijiti vyake akaenda navyo Lodwar. Kwa hiyo sasa umebaki kwako tu, hakuna kwingine. Mwezi wa nane nitakuja kuchukua vijiti niupande tena. Nataka kunusa ua la mama kabla sijazeeka."

Mzee Cheruiyot alikuwa na miaka sabini na sita.

Kipkemboi alisoma barua mara mbili. Akatazama miwaridi. Kisha akafanya jambo moja aliloliona la busara. Aliongeza kikombe cha pili, saa ile ile ya mchana.

Jumamosi mke wake, Rael, alifika kutoka Kakuma. Rael alikuwa muuguzi katika zahanati ya kambi ya wakimbizi. Alishuka kwenye gari na mtoto wao, Ashley, mgongoni. Hata hakuweka mfuko chini.

"Baba Ashley, hii ni nini?"

"Si ni miwaridi ya shangazi."

"Mbona umeinyoa? Imeandikwa jeshi?"

"Nimeipogoa. Kwetu chai hukatwa hivi."

"Na nani amekwambia hii ni chai? Ulitaka kuichemsha?"

Kipkemboi akatoa ile barua, akampa. Rael akaisoma. Mzaha ukamwisha usoni.

"Sasa utamwambia nini mzee?"

"Ndiyo sijui."

"Kule kambini kuna mama Msudani, anaitwa Nyakuoth," Rael akasema. "Analima bamia karibu na mfereji. Alipofika kila kitu kilimkaukia. Akauliza watu. Leo anauza bamia. Wewe umeuliza nani?"

"Nimuulize nani hapa? Hawa ni watu wa mbuzi."

"Watu wa mbuzi! Yale maua ya kanisani unayapita kila Jumapili, unafikiri yanatunzwa na mbuzi? Ni Longor. Hata shangazi yako alikuwa akimwita."

Kipkemboi akakwaruza mchanga kwa kiatu. "Atanicheka."

"Acha akucheke. Kicheko hakikaushi mti."

Jumatatu asubuhi, kabla jua halijashika, Longor alikuja. Alikuwa Mturkana wa Namoruputh, mtu wa miaka kama arobaini, mwenye kofia iliyopasuka na redio ndogo kwapani. Bustani ya kanisa alikuwa ameitunza miaka kumi na miwili.

"Ejok, karani," akasalimia kwa Kiturkana.

"Ejok-noi."

Longor akazima redio. Akaizunguka miwaridi mara moja. Kisha akacheka. Alicheka kwa muda mrefu, mpaka akavua kofia. Kipkemboi akangoja.

"Karani, hii miti ilikukosea nini?"

"Nimeipatia maji kila siku, mzee. Mbolea nimeweka."

"Weka kidole hapa."

Kipkemboi akachoma kidole ardhini. Juu palikuwa na unyevu wa kina cha ukucha. Chini yake udongo ulikuwa mkavu kama unga.

"Umeona? Maji yako inalala juu, jua inakunywa. Mti haijaonja." Longor akabandua ukoko mweupe uliokuwa juu ya udongo. "Onja."

"Nini?"

"Onja tu. Haiui mtu."

Kipkemboi akagusa kwa ulimi, akatema. "Chumvi!"

"Maji ya kisima chetu iko na chumvi. Ukiweka kidogo mchana, maji inaenda na chumvi inabaki kwa mizizi. Chimba sahani kuzunguka shina, pana, ya kushika maji. Asubuhi na mapema weka ndoo moja nzima. Maji itashuka chini na itasukuma chumvi mbali. Halafu pumzika siku mbili. Siku ya tatu weka tena. Lakini pima kwa kidole kwanza. Kama chini bado iko na unyevu, ngoja."

"Na maji ya kufulia? Hayo ninayo mengi."

"Ya sabuni? Hapana. Iko na chumvi yake pia."

Longor akaingiza mkono ndani ya rundo la samadi. "Leta mkono."

Kipkemboi akaingiza. Akautoa upesi. Ndani kulikuwa na joto.

"Samadi mbichi inapika mizizi. Toa yote. Irundike kando, ipe maji, geuza. Miezi minne, mitano, itakuwa nyeusi, haina harufu. Hapo ndiyo chakula. Na usiguse shina nayo. Wacha nafasi ya kiganja."

"Na kukata?"

Hapo Longor alitikisa kichwa. "Kukata hiyo nani alikufundisha?"

"Kwetu chai..."

"Kwenu kuna mvua. Hapa majani ndiyo kivuli ya mti. Wewe umemvua nguo saa sita mchana."

Akatoa kisu kidogo chenye makali, akakisafisha kwa maji ya moto. Akakwaruza gome la kila mti kwa ukucha. Mitatu ilikuwa na kijani ndani. Miwili ilikuwa kahawia mpaka chini.

"Hiyo miwili imeenda. Kwa hii mitatu tunatoa iliyokufa peke yake. Angalia. Hii uvimbe mdogo ni jicho. Tafuta jicho inaangalia nje. Kata juu yake, upande upande, maji isikae kwa kidonda."

Alikata vijiti sita tu. Kisha akamwonyesha Kipkemboi namna ya kutandaza nyasi kavu juu ya udongo, na kusimamisha mkeka wa majani ya mkoma upande wa jua la alasiri.

"Itapona kabla ya mwezi wa nane?"

"Mimi si mganga, karani. Wewe fanya hivyo, na uache mikono yako mfukoni."

Hilo la mikono ndilo lilikuwa gumu. Wiki tatu hakuna kilichotokea. Kila mchana Kipkemboi alisimama mlangoni akitazama miti ile mitatu, kikombe kinamwasha mkononi. Mwishowe akampa Rael kikombe chenyewe aende nacho Kakuma.

Wiki ya tano, jicho moja lilitoa chipukizi jekundu, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kipkemboi alikimbia kanisani kumwita Longor, akasahau kufunga ofisi. Mwezi wa sita matawi yalikuwa yamepanda. Mwisho wa mwezi wa saba mti mmoja ulifunga tumba.

Mzee Cheruiyot alifika akiwa mweupe kwa vumbi. Alikataa maji, akakataa kiti. Akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Alikuta mawaridi mawili yamefunguka. Akainama, akafumba macho, akanusa. Alikaa hivyo mpaka Kipkemboi akaogopa.

"Ni lenyewe," mzee akasema. Kisha akavuta pua na kunyoosha mgongo. "Nikatie vijiti kumi."

"Viwili," akasema Longor, aliyekuwa amekuja na kisu chake.

"Viwili? Wewe unaninyima ua la mama yangu?"

"Mimi sikunyimi, mzee. Mti ndiyo inakunyima. Imetoka ugonjwa juzi. Ukichukua kumi, hutakuwa na yako wala ya mtoto wako."

Mzee alimtazama mwanawe amwamulie. Miezi sita nyuma, Kipkemboi angeshika panga.

"Ni viwili, Baba," alisema.

Longor akakata vijiti viwili vyenye unene wa penseli, shubiri moja kila kimoja. Akavifunga kwa gunia bichi. Akaeleza kwamba kila kimoja kizikwe macho mawili chini, kivulini, na kisiguswe.

Mwezi wa kumi na moja barua ilifika Lodwar.

"Mwanangu, kijiti kimoja kimekufa. Kimoja kina majani manne. Mama yako alitaka kukiwekea samadi mbichi. Nimemfukuza. Mpe Longor salamu, mwambie nalala karibu na dirisha ili nikilinde."