Moja Nje, Moja Ndani

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, Chapuchapu alipita chumbani kwa babu yake kusalimia wawili: babu mwenyewe, na redio. Shikamoo ilikuwa ya babu. Redio ilipata kofi dogo la mgongoni. Jina la Chapuchapu alipewa na babu huyohuyo, maana alifanya kila kitu kama mtu anayefukuzwa. Babu aliapa kwamba mjukuu wake aliwahi kufua soksi akiwa amezivaa.

Redio yenyewe haikuwa ya kusikilizia muziki. Ilipokea na kurusha sauti, ili mtu azungumze na watu wa mbali kupitia hewani. Ilikuwa nzito kupita kiasi. Babu alisimulia kuwa wezi waliwahi kuibeba, wakaishia nayo mlangoni, wakamwita awasaidie kuirudisha.

Kwa miaka ishirini na tisa, kila Jumamosi saa nne asubuhi, Babu alizungumza kwa redio hiyo na rafiki asiyewahi kumwona kwa macho. Alimwita Mzee Kikohozi, kwa sababu alikohoa kabla ya kila sentensi. Hawakupeana namba za simu. Walikubaliana tangu zamani kwamba anayemtaka mwenzake apande hewani.

Siku hizi redio ilinguruma mpaka maneno yakamezwa. Na Jumamosi iliyopita, katikati ya mngurumo huo, Mzee Kikohozi alisema anahamia ghorofani kwa binti yake, kusiko na pa kusimamisha antena. Jumamosi inayofuata ingekuwa ya mwisho.

Babu aliujua ugonjwa wa redio. Ndani mlikuwa na kapasita sita, vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme kwa muda na kuutuliza. Kwa uzee zilikuwa zimekauka, na mbili zilivimba vichwa. Akatafuta mpya sita na moja ya akiba. Kilichomshinda ni mikono. Ilitetemeka, na ncha ya moto ya chuma cha kulehemu ilitua popote isipokuwa mahali pake. Kwa hiyo kazi ikawa ya Chapuchapu, ambaye alikuwa amejifunza kulehemu kwenye vipande vya waya.

Alhamisi alasiri Babu alichomoa waya ukutani, akauondoa mwenyewe umeme uliobaki ndani, akapima kwa mita mpaka ikasoma sifuri. Kisha akatoa sharti moja.

"Moja nje, moja ndani. Usiguse ya pili kabla hujaweka ya kwanza. Kila kapasita ina upande wa chanya na wa hasi. Ukiigeuza, inapasuka."

Akaenda kujinyoosha kitandani, kule nyuma ya pazia.

Mbili za kwanza Chapuchapu alizibadilisha kama alivyoambiwa. Halafu akaona anacheleweshwa bure. Akazitoa nne zilizobaki kwa mkupuo. Alipotazama ndani, matundu manane yalimkodolea macho, yote sura moja. Tatu alikumbuka zilivyokaa. Ya nne hakukumbuka. Aliigeuza ile kuukuu kiganjani, huku na huku, nayo haikumwambia ilivyokuwa imekaa. Akabahatisha.

Babu alirudi na lenzi yake mfukoni. "Moja nje, moja ndani?"

"Ndiyo, Babu."

Neno hilo likamtosha, na lenzi haikutoka mfukoni. Akafunga kifuniko, akachomeka waya, akamwambia asimame mlangoni. Chapuchapu aliuona mkono wa babu yake ukienda kwenye swichi. Alitaka kusema ngoja, lakini akachelewa. Ndani ya redio kukasikika pa! na moshi wa harufu kali ukatoka kwenye matundu ya mgongoni.

Babu hakugomba, na hilo ndilo lililomuumiza Chapuchapu. Alichomoa waya, akakaa. "Ni mimi," alisema. "Nilisoma vibaya namba za kapasita nilipozitafuta. Macho haya hayafai tena." Akaifunika redio kwa shuka.

Ijumaa shuka lilikuwa palepale. Babu alimwambia mama yake Chapuchapu kwamba akitaka, aweke cherehani kwenye meza ya redio. Chapuchapu alishindwa kula. Alimfikiria Mzee Kikohozi akikohoa peke yake kesho, akidhani rafiki yake hakutaka kumuaga, na hakuna mtu duniani wa kumweleza.

Akarudi chumbani. "Babu, si macho yako. Nilitoa nne kwa mkupuo. Ya mwisho nilibahatisha. Halafu nikakudanganya."

Babu aligeuka kumtazama. "Ulipokuwa ukibahatisha, mimi nilikuwa wapi?"

"Hapo nyuma ya pazia."

"Nilikuwa nimekufa?"

"Hapana, Babu."

Akaliondoa shuka. Akarudia kuuondoa umeme na kupima, kisha akamwonyesha: katika redio hii, upande wa hasi wa kila kapasita umeungana na bati la chini. Ukigusisha mita, inakuambia tundu lipi ni la hasi. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Wakaweka ile ya akiba na fyuzi mpya, na safari hii Babu alikagua zote sita kwa lenzi.

Jumamosi saa nne redio iliwaka bila mngurumo. Kikohozi kikasikika safi, kama kimo chumbani. Wazee walizungumzia magoti, mvua na wezi wa redio, ambao sasa walikuwa wameongezeka hadi saba. Kisha Mzee Kikohozi alisema mafundi wameshapanda kushusha antena. Akakohoa, akaanza sentensi nyingine, na sauti ikakatika katikati. Babu aliita mara tatu. Hakukuwa na la kufanya.

"Kukosea nilikutegemea," alisema hatimaye. "Ndiyo maana nilichukua kapasita saba. Lakini neno lako nilikuwa nalo moja tu, na la akiba sina. Ukikosea, niambie kabla sijafika kwenye swichi."

Chapuchapu aliitikia. Akavua viatu, akakaa karibu naye, na hakuwa na haraka ya kwenda popote. Redio iliendelea kuwaka, hewa tupu ikivuma polepole, na hakuna kati yao aliyeizima.