Ukutajoto wa Makete

Kila jioni saa kumi na moja, ukungu uliposhuka juu ya vilima vya Makete, ukuta wa Nyumba ya Kwanza ulianza kazi. Mchana kutwa nta iliyojazwa ndani yake ilikuwa imeyeyuka na kumeza joto la jua. Baridi ilipokaza, nta iliganda, na kadiri ilivyoganda ndivyo ilivyolirudisha joto lile sebuleni, polepole, bila moshi, bila umeme hata chembe. Waliouunda waliuita ukutajoto. Mwaka huo wa 2068 Mhandisi Oliva Kilasi alikabidhiwa kazi ya kuujaribu kwa msimu mzima wa kipupwe.

Nyumba mbili zilijengwa jirani, za vipimo sawasawa. Moja ilikuwa na ukutajoto. Ya pili ilikuwa na matofali ya kawaida na hita ya umeme, ili kuwe na cha kulinganisha. Wakazi walipangwa kwa kura. Leonsia Mahenge, mfumaji wa masweta, pamoja na mumewe na watoto wao wanne, waliangukia ya kwanza. Bibi Yusta Ngajilo, muuguzi mstaafu, aliangukia ya pili na wajukuu zake watatu.

"Ishini kama mnavyoishi siku zote," Oliva aliwaambia. "Msibadilishe kitu kwa ajili yetu."

Vihisi vilivyofichwa darini vilipima joto na umeme tu. Kuhesabu watu majumbani mwao kulikatazwa na sheria. Takwimu zilipokelewa ofisini na Mratibu, akili unde ya mradi, aliyezichambua na kuzungumza na wahandisi kwa sauti ya upole.

Wiki ya tano, Mratibu alimwita Oliva. "Mhandisi, Nyumba ya Kwanza inatoa joto zaidi ya lile ililopokea."

"Haiwezekani. Ukuta hauumbi joto."

"Najua. Nimerudia hesabu mara mia nne. Na katika Nyumba ya Pili, hita huzimwa kila jioni, baridi inapoanza kuuma."

Mkuu wa mradi, Daktari Mbilinyi, aliziona namba zile akasugua viganja kwa furaha. "Ijumaa Kamati ya Makazi inaketi. Wakiidhinisha, tunajenga nyumba elfu nne. Matokeo ni mazuri, Oliva. Usitafute mchawi."

Lakini Oliva hakutulia. Jioni ile alivaa koti, akaenda mwenyewe kuikagua hita. Alibisha hodi Nyumba ya Pili mara tatu. Kimya. Alipochungulia dirishani aliona viti vitupu na kioo kilicholowa umande wa baridi. Ndipo aliposikia kicheko kikipasuka ng'ambo ya uzio.

Leonsia alimfungulia. Sebuleni walijaa watu kumi, wengine mikekani, wengine wameegemea ukutajoto kwa migongo. Watoto walimenya viazi vya kuchemsha, wakichovya kwenye chumvi na pilipili. Bibi Yusta alikuwa amenyoosha miguu, soksi mbili kila mguu, uzi wa sufu mapajani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sogea, ukutani kungali na nafasi."

Oliva hakuketi. "Bibi, mnakuja huku kila siku?"

"Tangu wiki ya kwanza. Tumekosea?"

"Mna hita kule."

"Hita inachoma uso, mgongo unabaki barafu. Magoti yangu haya yalikuwa yanalia." Bibi Yusta akaongeza bila lawama, "Kura ni kura. Sikutaka kukuharibia kazi kwa kulalamika."

Leonsia akadakia, "Mimi ndiye niliyemwita, Mhandisi. Ningeotaje joto huku mwenzangu anatetemeka hapo jirani? Na wewe ulituambia tuishi kama siku zote."

Oliva alisimama katikati ya chumba, akahesabu. Mtu aliyetulia hutoa joto kama balbu ya kale ya wati mia. Watu kumi walikuwa hita nzima, yenye kucheka na kula viazi. Namba zote za wiki tano zilikuwa zimeharibika. Hata hivyo kilichomchoma kilikuwa kingine: alikuwa amemweka mwanamke wa miaka sabini kwenye baridi ili apate cha kulinganisha, wala hakuwahi kumuuliza habari za magoti yake.

"Futa siku walizotembeleana," alisema Daktari Mbilinyi kesho yake.

"Ni siku zote, Daktari. Nikizifuta hakibaki kitu. Nikizificha, familia elfu nne zitajengewa kwa ahadi ya uongo."

Daktari alinuna siku mbili. Ijumaa aliisoma ripoti ya Oliva mbele ya kamati, neno kwa neno, na alipofika kwenye viazi wajumbe wakacheka. Hawakuidhinisha nyumba elfu nne. Waliidhinisha arobaini za kujaribiwa upya, kila mkazi akiwa na ukutajoto wake, na ulinganisho ufanywe dhidi ya nyumba tupu.

Mafundi walianzia kwa Bibi Yusta. Siku nta ilipoganda mara ya kwanza, aliuwekea ukuta kiganja, akafumba macho. "Magoti yamenyamaza," alisema. Kisha akaitazama sebule yake, pana na kimya, wajukuu wakiwa bado nje wakicheza. "Lakini mwanangu, kila mtu akiwa na joto lake, nani atamfuata mwenzake?"

Oliva naye aliugusa ukuta. Mkono wake ulikuwa ungali pale mlango uliposukumwa na Leonsia akaingia na kikapu chake cha nyuzi, wanawe wakimfuata kwa kelele.

"Ukuta wetu tumeuchoka," alisema. "Tumekuja kuonja wako."

"Basi vueni viatu," alisema Bibi Yusta, na tayari alikuwa anatandika mkeka. "Na wewe Mhandisi, leo unaketi."

Oliva alivua koti, akaketi.