Shati la Mabega ya Njano

Ofisi ya vifurushi mjini Mwingi ilijaa watu siku hiyo ya soko, na Mbinya alikuwa ameshakasirika hata kabla hajafika dirishani. Alikuwa fundi cherehani, mrefu, amevaa sketi ya jinzi aliyojishonea mwenyewe, na utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni kwa sababu alisahau kuuvua. Alirarua kifurushi chake papo hapo, akatoa propela nne za droni, akazigeuza moja moja.

"Zote za kulia! Zote nne! Huyu muuzaji wa Nairobi ana akili kweli?"

"Usiniambie," sauti ya mwanamume ikasema nyuma yake. "Mimi nimepewa zote za kushoto."

Mbinya aligeuka. Kijana aliyesimama hapo alikuwa mfupi kidogo kumliko, mweusi, ovaroli yake ya buluu imetobolewa hapa na pale na chuma cha kulehemu. Mkononi alishika propela nne, na alikuwa na tabasamu ambalo Mbinya hakuliomba.

"Na wewe unatengeneza droni?" kijana akauliza.

"Kwani ni wanaume tu wanatengeneza?"

"Sijasema hivyo."

"Uso wako umesema."

Droni ya propela nne hutaka mbili zinazozunguka kulia na mbili zinazozunguka kushoto. Ukikosea, haipai. Inapinduka na kujipigiza chini kama kuku aliyechinjwa. Wote wawili walilijua hilo, na muuzaji aliyewafungia mizigo hakulijua, au hakujali.

"Nipe mbili, nikupe mbili," kijana akasema.

"Nikupe, nakujua?"

"Naitwa Mulwa. Natengeneza simu hapo stage ya Garissa, meza iko na mwavuli ya kijani. Sasa unanijua."

Wakabadilishana juu ya kaunta, wakizikagua kama watu wanaonunua mayai. Foleni nyuma yao ikachoka. "Hamisheni hayo mapenzi yenu huko nje!" mama mmoja akapaza sauti.

"Mapenzi gani!" Mbinya akafoka.

Lakini yule mama aliona mbali. Kufikia mwisho wa mwezi ule, Mulwa alikuwa akifunga mwavuli wake jioni na kwenda moja kwa moja kwenye duka la Mbinya, kwenye chumba cha nyuma ambako meza ya kukatia vitambaa iligeuka karakana. Cherehani upande huu, waya na betri upande ule, na harufu ya risasi iliyoyeyuka ikaingia hadi kwenye sare za wanafunzi. Fremu ya droni yao ya kwanza waliikata kwenye ubao wa kukatia mboga. Waliiita Nzuki, nyuki kwa Kikamba, kwa sababu ya mlio wake. Propela za akiba waligawana kama siku ile ya kwanza: za kulia zilikaa kwa Mbinya, za kushoto kwa Mulwa, ili kila mmoja awe na sababu ya kumtafuta mwenzake.

"Umekula, mwendwa?" Mulwa alikuwa akipiga simu kila mchana, akimwita mpenzi kwa Kikamba.

"Ile waya ya kamera umelehemu?"

"Nimeuliza kama umekula."

"Lehemu kwanza, halafu unipende."

Mbinya alimpenda sana, na aliposhindwa kulisema alilishona. Alitumia siku tatu kumshonea shati la kitenge cheusi, mabega akayaweka kitambaa cha njano chenye duara jekundu, kipande kilichobaki cha nguo ambayo haikuuzwa tena popote. Shati kama hilo halikuwako lingine Mwingi wala Kitui nzima.

Miaka miwili ikapita, na hapo ndipo hasira ya kweli inapoanzia. Kwa Wakamba, mwanamume mwenye nia huwatuma wazee, nao humpeleka yeye na mbuzi watatu kwa kina msichana. Hiyo ndiyo ntheo. Bila mbuzi hao, hata mpendane mpaka mvi, kwao hujulikani. Wazazi wa Mbinya walikuwa Mbumbuni, huko Makueni, na baba yake, Mzee Musyimi, alikuwa ameuliza kwenye simu mara mbili: "Huyo wako wa ndege za kuchezea, anakuja, ama anapaapaa tu?" Mbinya alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili alikata simu, akalia juu ya sare za watu.

Ijumaa moja Mulwa akamwambia, "Kesho naenda Kitui kutafuta mota. Nitachelewa kurudi."

"Sawa. Mimi nitajaribu kamera mpya."

Jumamosi asubuhi Mbinya alibeba Nzuki hadi uwanja ulio nyuma ya kanisa, pembeni mwa mji, akairusha kuelekea mashambani. Kamera ilikuwa safi. Aliona mikatani, mabati, njia ya vumbi. Kisha akaona watu kwenye njia hiyo: wazee wawili wenye fimbo, mbuzi watatu wenye kamba shingoni, watu kadhaa nyuma wakiwa na mizigo. Katikati yao alitembea mwanamume mwenye mabega ya njano, na kwenye kila bega duara jekundu.

Kutoka juu mtu hana uso. Ana kichwa na mabega na kivuli, basi. Lakini Mbinya aliyajua mabega yale kuliko alivyojua mkono wake. Waliingia kwenye lango la Mzee Ndululu, mzee wa kanisa, baba yake Kaveke. Kaveke yule ambaye simu yake iliharibika kila wiki, na kila wiki ilitengenezwa kwenye meza yenye mwavuli wa kijani.

"Kitui," Mbinya alisema peke yake uwanjani. "Mota."

Aliishusha Nzuki. Alitaka kuuona uso. Akaishusha zaidi, mpaka vumbi la uani likatimka na mbuzi wakaruka, na beberu, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akakata kamba na kupita katikati ya miguu ya wazee. Fimbo ilipaa hewani. Skrini ikawa nyeusi.

Saa saba mchana mlango wa duka ulipigwa teke. Mulwa aliingia na shati jeupe la kanisani lililolowa jasho, kofia imebonyea, mkononi ana Nzuki iliyovunjika propela moja.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Hongera, bwana arusi."

"Bwana arusi gani? Unajua umetufanyia nini mbele ya wazee?"

"Nimeona mbuzi watatu. Mimi ni Mkamba, Mulwa. Hakuna haja unifafanulie."

"Hizo mbuzi ni za Kyule!"

"Kyule gani?"

"Brother yangu! Una Kyule wangapi? Ndiye anaoa Kaveke. Simu Kaveke alikuwa analeta ikiwa mzima, anakuja kumuona Kyule pale kwa meza. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba sukari!"

Mtu mwingine angefurahi. Mbinya aliliangalia lile shati jeupe, na hasira iliyokuwa imeanza kushuka ikapanda upya.

"Na shati?"

"Shati gani?"

"Shati yangu! Siku tatu nimeketi kwa hii mashine. Iko kwa mabega ya nani?"

"Hakuwa na shati ya maana, akaniomba..."

"Ukampa! Mimi nashona mapenzi, wewe unaazimisha!"

"Ungeuliza, Mbinya! Simu si unayo?"

"Nikuulize nini na uliniambia uko Kitui?"

Uongo mdogo una tabia mbaya: unakuacha umesimama mlangoni na mdomo wazi. Mulwa alivua kofia, akaketi juu ya rundo la sare.

"Niliona aibu," akasema. "Kyule ni mdogo wangu na amenipita. Baba aliniomba ruhusa Kyule atangulie, mbele ya wazee, wote wananiangalia kama mgonjwa. Ningekuambia, ungeniuliza yangu ni lini."

"Na ni lini?"

"Nilitaka kwanza nikuwe na duka iko na mlango. Nisiende kwa baba yako nikiwa na meza na mwavuli."

"Mimi nilipenda meza na mwavuli, mjinga wewe!" Mbinya alipiga meza hadi sindano zikaruka. Machozi yalimtoka, na yakamwudhi zaidi. "Miaka miwili baba yangu ananiuliza, namdanganya kwa niaba yako. Ulidhani ni duka nangoja?"

Mulwa alilia pia, kidogo, akajifuta na kofia. Halafu akakumbuka.

"Beberu hajapatikana. Mzee Ndululu amesema hapokei mbuzi wawili. Jua likitua kabla hajafika, tuchukue mbuzi zetu turudi. Kyule amekaa kwa jiwe hataki kuongea na mtu."

Mbinya alimnyang'anya Nzuki, akaikagua. Fremu ilikuwa nzima. Propela iliyovunjika ilikuwa ya kushoto, na kwenye droo yake alikuwa na za kulia tu, saba, zisizofaa kitu.

"Leta ya kushoto."

Mulwa aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati la kanisani, akatoa propela iliyofungwa kwenye leso.

"Unatembea nayo mpaka kwa ntheo ya watu?" Mbinya akauliza.

"Natembea nayo kila mahali. Wewe huwa unavunja."

"Nyamaza. Shika hiyo skrubu."

Walipanda bodaboda hadi karibu na kwa Mzee Ndululu. Mbinya alirusha, Mulwa akashika skrini na kuikinga jua kwa kofia. Walipita juu ya kichaka, juu ya korongo kavu, juu ya mbuzi wa watu wengine.

"Huyo."

"Huyo hana kamba. Fungua macho."

"Punguza sauti, Mbinya."

"Sipunguzi. Kushoto. Hapo juu ya jabali!"

Beberu alikuwa amesimama kileleni, kipande cha kamba shingoni, akiwatazama kwa dharau. Kyule alitumwa kupanda jabali hilo, akarudi naye akiwa amejikwaruza magoti, na bega moja la njano limechanika hadi kwenye mshono. Saa kumi na moja Mzee Ndululu alihesabu mbuzi watatu, akahesabu tena, akakubali. Kaveke alikumbatia mama yake jikoni. Mbinya hakuingia uani. Alibaki nje ya lango, akilikunja lile shati alilomvua Kyule kwa nguvu hapo langoni, mbele ya wazee.

Mulwa alimfuata. "Bado umekasirika?"

"Sana."

"Mimi pia. Umeaibisha ukoo mzima." Akatoa simu, akapiga, akaiweka sauti ya nje. Iliita mara nyingi. "Halo, Mzee Musyimi? Shikamoo. Ni Mulwa wa Mwingi. Yule wa ndege."

"Marahaba. Umetua?"

"Nimetua, Mzee. Naomba kuja na wazee Jumamosi ya pili."

"Mnakuja watu wangapi?"

"Watu watano, Mzee. Na mbuzi watatu."

Mbinya alikuwa amempa mgongo. Mabega yake yalitikisika, na Mulwa hakujua kama ni kilio au ni kicheko. "Shati nitaishona upya," akasema bila kugeuka. "Ukimpa mtu tena, nitakuvua nayo ngozi."

Jumamosi hiyo kule Mbumbuni, msichana hakutakiwa kuonekana. Shangazi yake, Wayua, alikaa mlangoni mwa jiko kama askari. Mbinya alimenya viazi mpaka uvumilivu ukamwisha, kisha akatoka kupitia mlango wa nyuma na sanduku lake la droni. Nzuki ikapaa juu kabisa, mbali na masikio ya mbuzi.

Kwenye skrini wakatokea wazee wenye fimbo, mbuzi watatu, na mwanamume mwenye mabega ya njano, moja likiwa na mshono mpya. Mbinya alingoja. Kutoka juu mtu hana uso.

Yule mwanamume akasimama katikati ya njia. Akausikia mlio. Akavua kofia, akainua kichwa hadi jua likampiga machoni, na akabaki hivyo, uso wote wazi, mpaka aridhike kwamba ameonekana. Kisha akapaza sauti kiasi kwamba Mbinya aliisikia kutoka nyuma ya jiko bila skrini:

"Ondoa hiyo kitu, mwendwa! Mbuzi watakimbia!"